Karatasi ya Pauni Milioni Tano

Shuleni tumezoea kuziona rangi za maji kuwa mchezo wa watoto. Mwanafunzi akipevuka hutarajiwa kuhamia rangi za mafuta, kana kwamba za kwanza zilikuwa mazoezi tu. Wenye dhana hiyo nawaalika waitazame "The Blue Rigi", kazi ya Mwingereza J.M.W. Turner ya mwaka 1842, alipokuwa na umri wa miaka 67.

Ni alfajiri katika Ziwa Lucerne, nchini Uswisi. Mlima Rigi umesimama ng'ambo ya maji kama kivuli cha buluu, na jua halijachomoza nyuma yake. Juu inameta nyota moja. Karibu nasi mbwa wanaruka majini na bata wanatimka. Pasipo purukushani hiyo ndogo, kimya cha ziwa kisingesikika. Ulimbwende ndio huo: mlima haupimwi urefu, unahisiwa.

Sasa tuingie katika ufundi. Mchoraji wa mafuta akitaka mwanga hupaka rangi nyeupe, na akikosea hufunika kosa. Wa maji hana ruhusa hiyo. Weupe wake ni karatasi yenyewe, hivyo sharti ajue mapema ni wapi brashi isifike. Turner alitandaza rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kisha akakwangua ili karatasi ichungulie: ndipo ikapatikana ile nyota. Mwalimu anayetilia shaka ugumu wa jambo hili na ajaribu mwenyewe mbele ya darasa lake.

Mwaka 2006 karatasi hiyo, isiyofika nusu mita kwa upana, iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 5.8. Serikali ya Uingereza ilizuia kwa muda isitolewe nchini, jumba la sanaa la Tate likachangisha fedha, na raia wa kawaida wakatoa zaidi ya pauni 500,000. Mwaka 2007 Tate ililipa karibu pauni milioni tano. Wapo watakaouita huo ubadhirifu. Mimi nasema walionunua walijua thamani ya mkono uliojizuia, na hasa walitaka picha ibaki mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuiona.

Hata hivyo, haionekani kila siku. Mwanga hufifisha rangi za maji, nazo zikishafifia hazirudi. Picha hii ya mapambazuko hutundikwa kwa muda mfupi, kisha hurejeshwa gizani.