Masista Waliopita Kilwa, na Mgonjwa Tunayemficha Uani



Sisi wauguzi wa misheni huulizwa mara nyingi: "Masista walianzaje, na mbona walipo wao hapakosi dawa?" Mwezi huu tujibu swali hilo, kwa sababu jibu lake linagusa afya ya nyumba zetu.

Mwaka 1885, huko Reichenbach, Ujerumani, Padre Andreas Amrhein, Mbenediktini mzaliwa wa Uswisi, aliwapokea wanawake wa kwanza wa shirika ambalo leo tunaliita Masista Wabenediktini Wamisionari wa Tutzing. Zamani zile watawa wa kike wa Mtakatifu Benedikto waliishi zaidi ndani ya kuta za monasteri. Yeye alitaka masista wasali kama wao, lakini pia wavuke bahari wakawahudumie watu kwa mikono yao.

Mwaka 1888 masista wa kwanza walifika Dar es Salaam, wakaanza kazi Pugu. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ilivamiwa, na Sista Martha Wansing akauawa pamoja na mabruda wawili. Shirika lilikuwa bado changa kabisa, lakini halikukata tamaa. Wengine wakaja.

Baadhi yao walipita hapa kwetu. Mwaka 1905 Askofu Cassian Spiss aliondoka Kilwa kuelekea bara, akiwa na Masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert, na mabruda wawili. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuanza katika vilima vya Umatumbi, kwa kuwa wazee wetu walichoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu na serikali ya Kijerumani. Tarehe 14 Agosti wasafiri wote watano waliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Wazee wetu nao walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa iliyofuata. Tuwaombee wote.

Baada ya vita masista waliendelea na kazi. Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa daktari, alitibu wagonjwa Ndanda kwa miaka mingi, na wagonjwa wa ukoma walipata makazi na matunzo huko Mwena. Huku Lindi tunayo Hospitali ya Mtakatifu Walburga, Nyangao.

Ndugu wasomaji, masista hao waliacha kwao ili wamguse mgonjwa ambaye hata jamaa zake walimkimbia. Je, sisi tunamfanyia nini? Tumewahi kumpokea mama mmoja ambaye watoto wake walimficha chumba cha uani miaka miwili, wakiona haya. Ukoma tuliuponya. Vidole vilivyokwisha kupotea hatukuweza kuvirudisha.

Basi tuzingatie haya:

1. Baka lenye rangi hafifu au nyekundu, lisilosikia mguso wala maumivu, ni dalili ya ukoma. Ganzi ya mikono au miguu pia isipuuzwe. Nenda zahanati mapema.

2. Ukoma husababishwa na vijidudu. Si laana, si uchawi, wala haurithiwi.

3. Dawa mseto hutolewa bure. Mgonjwa hutumia miezi 6 au 12, kadiri ya aina ya ugonjwa. Akishaanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Asiache dawa kabla ya kumaliza.

4. Wanaoishi naye wapimwe pia.

5. Mwenye ganzi avae viatu, akague nyayo zake kila jioni, na asishike sufuria ya moto kwa mikono mitupu.

6. Ale na wenzake, alale ndani, aende kanisani.

Kazi iliyoanza mwaka 1885 haikuachwa kwa masista peke yao. Kila familia inaweza kuifanya kwa kumfungulia mgonjwa mlango na kumsindikiza hospitali. Ukimjua aliyefichwa, usimseme vibaya kisimani. Nenda kazungumze na wazazi wake kwa upole, kisha mfuatane naye mpaka zahanati.

Mungu awabariki. Tuonane mwezi ujao.