Kusimamia Hazina Nyingi za Msimbo kwa Mstari wa Amri: Git na Utafiti wa Istilahi za Kiswahili katika MediaWiki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna programu ya Git inavyosimamia hazina nyingi za msimbo zilizowekwa chini ya hazina moja, kwa amri zinazoandikwa katika terminali. Mfano unaotumika ni MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia. Inatolewa hoja kwamba utaratibu huo humpa mtafiti wa istilahi za Kiswahili data inayoweza kurejelewa kwa usahihi, mradi aelewe hazina mama huhifadhi nini na haihifadhi nini.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua iwapo neno la kuingilia katika akaunti huitwa nywila, nenosiri au neno la siri anaweza kufungua kamusi. Kamusi itamweleza kilichopendekezwa. Haitamweleza kile ambacho mtumiaji wa Kigali, Bujumbura au Mombasa hukiona kwenye skrini. Ushahidi wa matumizi hayo umo ndani ya programu zenyewe, nao umetawanyika mno.

MediaWiki ni kielelezo kizuri cha mtawanyiko huo. Tangu mwaka 2012 msimbo wake umetunzwa kwa Git. Kiini cha programu kina hazina yake, na kila kiendelezi kina hazina yake pia. Ndani ya hazina hizo kwa kawaida mna folda iitwayo i18n, yenye faili moja kwa kila lugha. Maneno ya Kiswahili, pale yalipotafsiriwa, hukaa katika faili la sw.json, maelezo ya kumwongoza mfasiri hukaa katika qqq.json. (Faili hili la pili hupuuzwa mara nyingi, ilhali ndilo linaloeleza neno fulani ni kitenzi cha kitufe au ni kichwa cha ukurasa.) Viendelezi ni mamia. Kuvifungua kimoja kimoja ni kazi ya kuchosha, na anayeifanya kwa wiki tatu huwa analinganisha faili za siku tofauti bila kujua.

2.0 Hazina mama huhifadhi nini?

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux. Kila badiliko linalohifadhiwa, yaani komiti, hupewa utambulisho wa herufi na tarakimu 40 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Yaliyomo yakibadilika hata kwa nukta moja, utambulisho nao hubadilika.

Hazina moja inaweza kuwekwa chini ya nyingine. Tutaiita ya juu hazina mama, na ya chini hazina tanzu, kwa mfano wa kampuni tanzu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hudhani kwamba hazina mama imebeba faili za hazina tanzu. Sivyo. Hubeba mambo mawili tu: faili la .gitmodules, linalotaja kila hazina tanzu, mahali pake na anwani yake. Na kielekezi, ambacho ni utambulisho wa komiti moja mahsusi ya hazina tanzu hiyo. Hazina mama ni mithili ya katalogi ya maktaba: kadi hutaja kitabu na toleo lake, lakini kitabu chenyewe kipo rafuni.

Hazina ya mediawiki/extensions ni katalogi ya namna hiyo. Imekusanya viendelezi kama hazina tanzu, na kiendelezi kinapobadilika, kielekezi chake husogezwa. Kwa hiyo kila komiti ya hazina mama ni picha ya hali ya viendelezi vyote kwa wakati mmoja.

3.0 Amri za msingi

Anayenakili hazina mama kwa amri ya git clone hupata folda nyingi tupu. Hilo si hitilafu, amepata katalogi. Vitabu huletwa hivi:

git submodule update --init

Amri hii huleta vyote, na kwa mtu anayelipia intaneti kwa kifurushi gharama yake si ndogo. Ni busara kuanza na vichache kwa kuvitaja:

git submodule update --init Cite Echo

Baada ya hapo, git submodule status huonesha hali ya kila hazina tanzu. Alama ya kutoa mwanzoni mwa mstari humaanisha kwamba hazina hiyo haijaletwa. Alama ya kujumlisha humaanisha kwamba komiti iliyopo mezani siyo ile iliyotajwa na hazina mama. Mtafiti anayeona alama ya kujumlisha asimame kwanza, kwani data yake haiwiani tena na katalogi.

Amri yenye manufaa makubwa zaidi kwetu ni ile inayotekeleza jambo moja katika kila hazina tanzu iliyoletwa:

git submodule foreach 'git grep -n -i nywila -- "*/sw.json" || true'

Git huingia katika kila kiendelezi, huandika jina lake, kisha huonesha kila mstari wenye neno nywila katika faili la Kiswahili. Maneno mawili ya mwisho, || true, yana kazi kubwa. Neno lisipopatikana, git grep hurudisha ishara ya kushindwa, na foreach husita papo hapo. Asiyeyaandika atapata orodha inayokatika kwenye kiendelezi cha kwanza kisicho na neno hilo, kisha atahitimisha kwamba nywila haitumiki.

4.0 Neno moja linaloharibu ushahidi

Amri mbili zifuatazo hutofautiana kwa neno moja:

git submodule update
git submodule update --remote

Ya kwanza hurejesha kila hazina tanzu kwenye komiti iliyotajwa na kielekezi. Ya pili hukiacha kielekezi na kuchukua komiti ya mwisho ya tawi lililopo kwenye seva siku hiyo. Kwa mtengenezaji wa programu ya pili ina matumizi yake. Kwa mtafiti, kongoo lake limebadilika katikati ya uchunguzi.

Njia salama ni kuandika katika makala utambulisho unaotolewa na git rev-parse HEAD ndani ya hazina mama. Msomaji wa Kampala atatoa amri ya git checkout pamoja na utambulisho huo, kisha git submodule update --init, naye atapata faili zile zile za viendelezi vyote, mradi hazina tanzu bado zipo kwenye seva. Mstari mmoja unatosha kurejelea mamia ya vyanzo. Tanbihi ya kawaida yenye anwani ya tovuti na tarehe ya kutembelewa haiwezi kufanya hivyo.

Zipo zana nyingine. Repo, iliyotengenezwa na Google kwa ajili ya Android, hutumia faili la orodha badala ya vielekezi, na kwa kawaida orodha hiyo hutaja matawi. Anayetaka uthabiti hulazimika kuigandisha kwa amri ya repo manifest -r.

5.0 Kusahihisha kilichogunduliwa

Akishaona kwamba dhana moja ina majina matatu, mtafiti atatamani kusahihisha. Asihariri sw.json moja kwa moja. Tafsiri za MediaWiki hufanywa katika translatewiki.net, kisha huingizwa katika hazina na programu inayojiendesha. Marekebisho yaliyofanywa pembeni yanaweza kufutwa na uingizaji unaofuata. Aidha, baada ya git submodule update hazina tanzu haiwi kwenye tawi lolote, hivyo komiti itakayowekwa hapo ni rahisi kupotea.

Marekebisho yakikubaliwa na kuingizwa, kielekezi husogea. Ukiwa na utambulisho wa hazina mama wa kabla na wa baada, na ukiwa umeshaleta komiti zote mbili za kiendelezi kwenye kompyuta yako, git diff --submodule=diff itakuonesha mstari kwa mstari ni istilahi ipi iliyoondoka na ipi iliyoshika nafasi yake.