Dawa ya Kuziba Vitasa vya Ubongo

Mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Mke wa mwenzetu mmoja alikuja dispanseri akilia. Mume wake hashuki tena shimoni bila kumeza vidonge vya kufukuza usingizi, na siku akivikosa, anapiga watoto. Aliniuliza kama iko dawa ya kumwachisha.

Fahamu kwanza kwamba ubongo una vipokeo, vinafanana na vitasa vya mlango. Uchovu una ufunguo wake, adenosini, ukiingia, unasinzia. Ukinywa kahawa yetu ya Kivu, kafeini inaziba kitasa hicho bila kukifungua. Uchovu uko palepale, ni wewe tu usiyeusikia.

Vidonge vikali kama amfetamini vinamwaga dopamini, ufunguo wa hamu na furaha. Waganga walifikiri: tuzibe kitasa cha dopamini, hamu itakufa. Walijaribu dawa za wagonjwa wa akili. Hazikusaidia, mwili unakakamaa, moyo unakuwa mzito, na hamu inabaki.

Wakageukia kitasa cha morfini. Huko Marekani watu 403 waliozoea metamfetamini walipimwa, na matokeo yalitolewa mwaka 2021. Kati ya waliopewa sindano ya naltreksoni pamoja na vidonge vya bupropioni, karibu 14 kwa 100 walipata nafuu. Kwa waliopewa dawa ya bure isiyo na nguvu, hawakufika 3. Ni kidogo, lakini mimi sikidharau.

Sasa sikiliza vizuri, wewe wa shimoni. Sindano hiyo inaziba njia ya morfini kwa wiki kadhaa. Jiwe likikuvunja mguu, dawa ya kutuliza maumivu haitakushika kama kawaida, kwa hiyo mwambie mganga mapema. Na aliyezoea tramadoli akipata naltreksoni, atatapika, ataharisha na kutetemeka siku ileile. Usinunue kidonge cha kuachisha kule soko la Kadutu!

Yule mume tulimpeleka Sosame, lopitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu. Hakupewa kidonge cha ajabu: anazungumza na mganga kila wiki, na kapita amemtoa kwenye kazi ya usiku. Siku za kwanza alilala mchana kutwa, mama akaogopa. Nilimwambia amwache, ampe maji na chakula akiamka, kwa maana mwili ulikuwa unadai usingizi wake.