Difu ya nyuma: usikubali kuchomelewa

Wiki iliyopita nilipokea barua ya mwananchi mmoja wa Mbagala, jijini Dar es Salaam. Amekopa fedha kwenye chama chao cha akiba na mikopo, akanunua Toyota Land Cruiser iliyotumika, lile gari ambalo vijana huliita mkonga, na amepata kibarua cha kuwabeba wauguzi wa chanjo kwenda vijiji vya Rufiji. Gari limezama mara tatu katika mwezi mmoja. Fundi wake amempa shauri: "Bosi, tuchomelee difu ya nyuma, hutazama tena." Bei ni ndogo na kazi ni ya siku moja. Mwenzetu anauliza, akubali?

Asikubali. Na hili silisemi kwa kusoma vitabuni tu, bali kwa yaliyonipata mwenyewe, kama nitakavyoeleza. Kwanza tuelewane difu inafanya kazi gani, maana wengi wetu tunaijua kama lile pulu la chuma lililo chini ya gari, linalogonga mawe na kuvuja oili.

Umepata kuona askari wa gwaride wakipinda kona kwa safu. Yule wa ndani hutembea kama amesimama, na yule wa nje hukaribia kukimbia. Magurudumu ya gari ni hivyo hivyo. Chukua gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yameachana kwa mita 1.5. Likizunguka kipilefti mzunguko mmoja kamili, gurudumu la nje litakuwa limekwenda zaidi ya mita 9 kuliko lile la ndani. Kama yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, mojawapo lingelazimika kuburutwa. Wafaransa walilifikiria jambo hili tangu miaka ya 1820, na jawabu lake ndiyo difu: gia ndogo nne zilizoumana ndani ya kikombe kinachozungushwa na krauni. Gari likienda moja kwa moja gia hizo zimetulia. Likipinda, huzunguka na kuruhusu gurudumu moja lipungue na jingine liongeze.

Sasa sikiliza kasoro yake. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kulia na kushoto, wala haiwezi kulipa gurudumu moja zaidi ya mwenzake. Gurudumu la kushoto likiwa kwenye tope la ute, nguvu inayohitajika kulizungusha ni kidogo sana, na kidogo hicho hicho ndicho atakachopewa yule wa kulia aliyekanyaga ardhi ngumu. Kwa hiyo mmoja anazunguka bure na kuwarushia watu matope, na mwingine amesimama anatazama. Mtu atasema, mimi nina fowili. Sawa, lakini fowili yenye difu za kawaida mbele na nyuma hushindwa mara tu gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanapopoteza mshiko. Matairi manne unayo, yanayosukuma hakuna.

Mwaka 2006, nikiwa bado mwandishi mchanga, nilisafiri kwenda Lindi wakati wa masika. Daraja la Mkapa lilikwisha kufunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa hakijapata lami, na waliopita siku hizo hawana haja ya kuelezwa. Tulilala njiani. Alfajiri nikaona kitu kilichonifundisha. Magari mawili ya aina moja, tairi za aina moja, yaliingia kwenye mkondo ule ule mmoja baada ya jingine. La kwanza lilifika katikati likakaa kwa tumbo. La pili lilipita pembeni yake polepole, bila kelele, dereva ameshika usukani kama anakwenda sokoni. Baadaye alinionyesha swichi ndogo ya kuzungusha kwenye dashibodi. "Nimefunga difu," akasema. Sikuelewa neno lile hadi aliponieleza.

Kufunga difu ni kuzizuia zile gia ndogo zisizunguke, ili magurudumu mawili ya nyuma yawe kama yameunganishwa kwa chuma kimoja. Hapo yule aliye kwenye ardhi ngumu anapata nguvu yote anayoweza kuitumia. Fundi wa kuchomelea naye anafanya hivyo hivyo, ila yeye anafunga milele.

Miaka kadhaa baadaye nilinunua gari la mtu kwa ajili ya safari za nyumbani. Porini lilikuwa simba. Mjini lilikuwa likilia tairi kila kona, na usukani ulikuwa mgumu kana kwamba gari halitaki kupinda. Niliambiwa ndiyo hali ya gari kubwa. Siku moja ya mvua, nikiwa na watoto wangu wawili, niliingia kwenye kipilefti kwa mwendo wa kawaida kabisa, na sehemu ya nyuma ikaondoka. Tuligeuka tukatazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na daladala nyuma yetu. Difu ilipofunguliwa, tulikuta gia zote nne zimechomelewa donge moja, na hafu shafti ya kulia imeanza kupata ufa. Aliyeniuzia hakusema neno, na mimi sikuwa nimeuliza.

Kwa hiyo wewe unayenunua gari la mkononi, fanya jaribio hili. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua ya nyuma yote mawili na uyaegemeze kwenye stendi imara, si jeki tupu. Zima injini, toa fowili, achia breki ya mkono, kisha ingiza gia ya kwanza. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Likizunguka kwa urahisi na mwenzake akaenda kinyume, difu ni ya kawaida. Likiwa gumu lakini linakwenda kwa kulazimisha, huenda ni ile ya kupunguza mtelezo. Likikataa kabisa, likacheza kidogo tu, uliza maswali kabla ya kutoa fedha.

Basi kama si kuchomelea, ni nini? Ziko njia kadhaa, na hazilingani.

Hiyo ya kupunguza mtelezo ina sahani ndogo zinazosuguana ndani yake, mithili ya klachi. Ni pole, haina swichi, dereva hana la kufanya. Lakini gurudumu likining'inia hewani kabisa, msaada wake ni haba, sahani zake huchakaa, na inataka oili yake maalumu. Nimeona watu wakiijaza oili yoyote ya gia na kisha kulalamika kwamba difu inatetemeka kwenye kona.

Iko inayojifunga yenyewe. Muda wote imefungwa, ila gari likipinda hulifungulia gurudumu la nje lizunguke haraka zaidi. Baadhi ya aina zake huingizwa ndani ya kikombe kile kile cha zamani, kwa hiyo bei hupungua. Ni imara, lakini ina kelele za kukatika-katika kwenye kona, na kwenye lami yenye maji inaweza kumshtua dereva asiyeizoea. Kwa mtu anayeshinda mjini, mimi simshauri.

Halafu kuna ile ya swichi, nayo ndiyo ninayoipenda. Ukiwa hujaibonyeza, difu ni ya kawaida kama ilivyotoka kiwandani. Ukibonyeza, imefungwa moja kwa moja. Kampuni ya ARB ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1975, inajulikana kwa aina inayotumia upepo: kompresa ndogo, mpira mwembamba hadi kwenye difu, na upepo unasukuma pete inayofunga gia. Uzuri wake ni nguvu. Udhaifu wake ni ule mpira, ukikatwa na kisiki huna loki. Toyota nao waliweka ya umeme, yenye mota ndogo, katika baadhi ya Land Cruiser. Swichi yake huanza na difu ya nyuma, kisha ukizungusha tena inafunga na ya mbele. Magari mapya mengi yana kompyuta inayolishika kwa breki gurudumu linalozunguka bure, na inasaidia sana, ingawa gurudumu lazima lianze kuteleza ndipo breki ishike.

Namwambia mwenzetu wa Mbagala aanze na ya nyuma. Gari linapopanda, uzito unarudi nyuma, na difu ya mbele ikifungwa usukani unakuwa mzito mno. Kabla ya kuagiza, atazame mambo mawili. Je, ekseli yake ni ile ambayo uzito wa gari unabebwa na beringi za nje, na hafu shafti inazungusha tu? Dalili yake ni kikombe cha chuma kilichochomoza katikati ya rimu, kimefungwa kwa nati kuzunguka. Hiyo ni nzuri, kwa sababu difu ikifungwa, hafu shafti moja inaweza kubeba nguvu yote, na ikikatika gurudumu halitoki. La pili, ahesabu meno. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni uwiano wa 4.1. Akibadilisha krauni na pinioni nyuma, mbele nako lazima iwe hivyo hivyo, la sivyo siku atakapoingiza fowili giaboksi zitapigana.

Na fundi wa kuifunga awe na saa ya kupimia. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, si kwa kutikisa na kusikiliza. Difu iliyofungwa kwa kubahatisha huanza kulia ikiwa barabarani, na baada ya hapo ni kununua spea upya.

Loki huingizwa kabla ya tope, gari likiwa limesimama au likitambaa, si wakati gurudumu linazunguka kwa kasi. Ukifika pakavu, toa. Na kwenye barabara ya tope iliyoinama upande mmoja uwe mwangalifu, kwani magurudumu yote mawili ya nyuma yakiteleza pamoja, gari huserereka kuelekea mtaroni.

Nilimpigia simu mwenye barua juzi. Ameahirisha kuchomelea. Loki hana fedha zake kwa sasa, kwa hiyo nimemwambia anunue tairi za matope za nyuma, beleshi na kipimo cha upepo, apunguze upepo anapoingia mbugani na kuujaza tena anaporudi kwenye lami, hadi mkopo wa kwanza utakapokwisha.