Mahindi Yaliyokataliwa si Chakula cha Mbwa

Ndugu mkulima wa skimu, unajua mambo yalivyo pale katika bohari ya nafaka ya Moi's Bridge. Gunia hutobolewa na mahindi hupimwa. Yakiwa na maji zaidi ya asilimia 13.5, huambiwa urudi ukayaanike tena. Yakionekana na kuvu, au yakipatikana na sumu kupita kiasi kilichowekwa, hayanunuliwi kabisa. Basi mkulima huyarudisha nyumbani, akayamwaga pembeni mwa ghala na kusema, "Haya tutampikia mbwa."

Yafaa ujue kwamba hapo unampikia mbwa wako sumu.

Kuvu ile ya rangi ya kijani na manjano, ambayo huingia katika mahindi mvua inaponyesha wakati wa kuvuna, hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haina harufu wala haionekani kwa macho. Ukipangusa kuvu, punje ikang'aa tena, sumu ingali ndani. Hata kupika hakusaidii. Ugali ukae motoni saa nzima, sumu itabaki karibu yote. Huo ndio udanganyifu wake, kwa maana sisi tumezoea kwamba moto huua kila kitu kibaya.

Wanyama hawaumwi na sumu hii kwa namna moja. Mbwa ni miongoni mwa wale wanaodhurika upesi sana. Ng'ombe huivumilia zaidi, lakini usifurahi, kwani sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto wako. Mwishoni mwa mwaka 2005, huko Marekani, mbwa wengi walikufa kwa kula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hii. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2004, katika wilaya za Mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Sumu ni ile ile.

Mbwa aliyeila huanza kwa kukataa chakula. Hulala tu, hutapika, na huenda akanya choo cheusi chenye damu. Mwinue mdomo utazame fizi zake, kisha utazame weupe wa macho: ukiona rangi ya manjano, ini lake limekwisha kuharibika. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Acha kumpa chakula hicho siku hiyo hiyo, umwite Bwana Mifugo. Mbwa aliyewahiwa mapema huweza kupona.

Sasa utauliza, ale nini? Wengi watajibu: ugali mzuri wa mahindi safi. Ugali ni mwanzo mzuri, lakini peke yake hautoshi. Katika kilo moja ya unga wa mahindi mna gramu 80 au 90 hivi za protini, yaani kile kijengacho mwili. Mbwa mzima huhitaji gramu 180 hivi katika kila kilo ya chakula kikavu, na mtoto wa mbwa huhitaji zaidi. Kwa hiyo mbwa wa ugali mtupu hushiba tumbo huku mwili wake una njaa. Manyoya hukauka, mbavu huonekana, na watoto wake hukua na matege kwa kukosa chokaa ya mifupa.

Dawa yake haiko mbali. Omena zinauzwa katika kila soko. Changanya kilo moja ya omena kavu kwa kila kilo nne za unga, nawe utakaribia kiasi kile kinachotakiwa. Mbwa wa kilo 20 atatosheka na robo kilo ya unga na gramu 60 za omena kwa siku. Zioshe kwanza kutoa mchanga, uzichemshe, ndipo umimine unga. Mifupa yao midogo ndiyo itakayompa chokaa. Kama omena ni ghali mwezi huo, maharagwe yaliyoiva sana husaidia, ingawa hayalingani na samaki. Usitie kitunguu, maana huharibu damu ya mbwa. Wala usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika ncha kali zikamchoma tumboni.

Wengine huchukua matumbo na mapafu mahali pa kuchinjia wakamtupia mbwa yakiwa mabichi. Jambo hili lina hatari kwako wewe zaidi kuliko kwa mbwa. Ukikata ini au mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe, ukaona vifuko vilivyojaa maji, hivyo vina vijidudu ambavyo vikiingia tumboni mwa mbwa huwa tegu wadogo. Mayai yao hutoka na mavi, hushika katika manyoya, na mtoto anayecheza na mbwa huyameza. Baada ya miaka, kifuko kama kile huota katika ini la mtu, na mara nyingi tiba yake ni kupasuliwa. Huko Turkana, mwisho wa barabara hii ipitayo Kitale, ugonjwa huu ulipata kuwa mwingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Nyama za ndani zichemshwe nusu saa kamili. Zile zenye vifuko, zichome au uzifukie chini sana, mbwa asiweze kufukua.

Neno moja juu ya paka. Paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa, hata ukimwona amenenepa. Katika nyama na samaki mna kitu ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha. Akikikosa muda mrefu, huweza kuwa kipofu au moyo wake hulegea. Mpe omena kidogo kila siku. Watu husema paka aliyeshiba hawindi, nami siamini. Paka huwinda kwa tabia, si kwa njaa tu, na mwenye nguvu hukamata zaidi. Linalomwua paka wa ghalani ni sumu ya panya. Ukiitumia, mfungie paka ndani siku hizo, okota panya waliokufa kila asubuhi, uchimbe shimo refu mbali na kisima uwafukie. Yale mahindi yaliyorudi kutoka bohari yatie katika shimo hilo hilo.