Kupinda Bomba si Kulivunja

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Wahenga walituusia kwamba samaki mkunje angali mbichi. Wao walikuwa wakisema habari za malezi ya watoto, lakini usia huo unafaa pia kwa chuma, na juma hili ningependa tuzungumzie chuma. Hasa bomba la chuma, na namna linavyopindwa ili liwe kifaa cha gari la porini.

Pengine utaniuliza, hayo yananihusu nini mimi nisiye na gari? Yanakuhusu, ndugu yangu. Siku utakapopanda nyuma ya pikapu kwenda shambani, mkono wako utashika upinde wa bomba uliosimamishwa nyuma ya kichwa cha gari. Mizigo iliyo juu ya kichwa chako itakuwa imefungwa kwenye keria ya bomba. Na ukiwa unatembea kwa miguu kando ya barabara, gari linalokuja mbele yako huenda likawa na ngao ya bomba. Kwa vyovyote vile, roho yako imo mikononi mwa fundi aliyelipinda bomba hilo, na wewe humjui.

Kata ya Ntalikwa ni mojawapo ya kata za Manispaa yetu ya Tabora, lakini gari la kule si gari la mjini. Miombo iko karibu, njia ni za mchanga wakati wa kiangazi, na mvua zikianza mbuga hugeuka ulimbo. Gari lililotoka kiwandani kwa ajili ya lami halidumu huko. Mwenyewe hulazimika kulipeleka kwa fundi likaongezewa hiki na kile: ngao ya kuzuia visiki, kinga ya kulinda tangi la mafuta, keria ya kubebea magunia. Nimesimama mara nyingi chini ya miembe kuwatazama vijana wakifanya kazi hiyo, na ninakiri kwamba wengine wana mikono ya dhahabu. Wengine wanatengeneza mitego ya mauti bila kujua.

Na tusidhani kwamba kupinda chuma ni jambo geni kwetu. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, waliikuta njia ya misafara imejaa masango, yaani nyaya nene za shaba zilizoletwa kutoka pwani kama fedha ya safari. Mafundi wa Unyamwezi walizivuta zikawa nyembamba na kuzizungusha juu ya singa za mkia wa mnyama, zikawa sambo za kuvaa miguuni. Waliijua kanuni ambayo hata leo haijabadilika: chuma kikilazimishwa kupinda kwa ghafla mahali padogo hukatika, bali kikizungushwa polepole juu ya kitu cha duara hutii.

Sasa tuanze na swali la kwanza. Kwa nini tutumie bomba, na si nondo iliyojaa? Tazama mwanzi. Ndani ni mtupu, lakini husimama mrefu na upepo hauuvunji. Kitu kinapolemewa na kutaka kupinda, kazi kubwa ya kukataa hufanywa na sehemu zilizo mbali na katikati. Chuma kilicho katikati ya nondo ni uzito mtupu, hakifanyi kazi kubwa. Bomba limekiondoa chuma hicho, na ule uliobaki umewekwa pembeni panapohitajika. Lakini faida hiyo hudumu maadamu bomba ni duara. Likibonyea likawa bapa, kuta mbili zimekaribiana, na nguvu imekwenda zake. Ndiyo maana bomba lililopindwa vibaya halina tofauti kubwa na bua la mtama lililokanyagwa.

Hebu sasa tuingie ndani ya kona yenyewe. Chukua bomba ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 48. Unataka kulipinda nyuzi 90, na nusukipenyo cha kona, kikipimwa kwenye mstari wa katikati ya bomba, ni sentimita 15. Mstari huo wa katikati utakuwa na urefu wa sentimita 23.6. Mgongo wa bomba, ulio nje ya kona, utatakiwa kufika sentimita 27.3. Tumbo lake, lililo ndani ya kona, litabaki na sentimita 19.8 tu. Lakini kabla ya kupindwa, mgongo na tumbo vilikuwa na urefu uleule mmoja! Maana yake ni kwamba mgongo umevutwa kwa asilimia 16 na ukuta wake umekuwa mwembamba, na tumbo limesukumwa likajikusanya. Mgongo ukivutwa kupita kiasi hupasuka. Tumbo likisukumwa kupita kiasi hufanya makunyanzi. Na yote mawili kwa pamoja hulivuta bomba libonyee.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni ya kwanza ya fundi: nusukipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Mara nne ni bora zaidi. Anayetaka kona kali kuliko hapo kwa vifaa vya kawaida anajitafutia lawama.

Zipo njia tatu zinazotumika. Ya kwanza ni mashine ya jeki, ambayo husukuma bomba baridi katikati ya vishikizo viwili. Mashine hiyo ilibuniwa kwa mafundi wa maji, na kalibu zake zimechongwa kwa saizi za mabomba ya maji. Ukiliweka bomba jembamba la kutengenezea viti, kalibu haitalikumbatia sawasawa, na litabonyea mbele ya macho yako. Kadhalika, chuma kilichopindwa baridi kina tabia ya kurudi nyuma kidogo ukikiachia. Fundi mzoefu hukipitisha nyuzi chache mbele ya alama, naye hujaribu kwanza kwenye kipande cha bomba hilohilo.

Njia ya pili ni ya moto na mchanga, na hii ndiyo iwafaayo wengi wasio na mashine. Mchanga laini huchekechwa, ukakaangwa juu ya bati mpaka ukauke kabisa. Bomba huzibwa upande mmoja kwa kizibo cha mti, husimamishwa wima, kisha mchanga humiminwa kidogokidogo huku bomba likigongwagongwa. Siku moja pale Ntalikwa nilimuuliza kijana mmoja kwa nini anagonga kwa muda mrefu namna ile. "Nausikiliza, mzee," akanijibu. Nami nikasikiliza. Mwanzoni bomba lililia kama kengele; mwishoni likawa bubu kama gogo. Lilipokuwa bubu ndipo akajua hakuna pengo ndani. Mchanga ulioshindiliwa hivyo hushika nafasi ya chuma kilichokosekana, ukuta haupati pa kubonyea.

Baada ya hapo, sehemu itakayopindwa huwekwa kwenye makaa yanayopulizwa mpaka iwe na rangi ya chungwa lililoiva, kisha bomba huzungushwa kwa mwendo mmoja, bila papara, juu ya kalibu ya duara iliyofungwa imara mezani. Moto ukipungua, acha, rudisha kwenye makaa. Kulazimisha chuma kilichopoa nusu ndiko kunakozaa nyufa.

Lakini hapa ndipo penye hatari ambayo ningependa kila kijana aisikie. Mchanga wenye unyevu ukifungiwa ndani ya bomba na kutiwa motoni, maji yake hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hurusha kizibo kama risasi. Kwa hiyo kaanga mchanga hata kama unaonekana mkavu, toboa tundu dogo kwenye kizibo, na wala usisimame mbele ya mdomo wa bomba. Jicho halina kiwanda cha vipuri.

Hatari ya pili haionekani. Mabomba mengi ya maji yamevikwa zinki ili yasishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419 za Selsiasi, na kwenye nyuzijoto 907 huchemka. Kwenye moto wa kupindia au wa kuchomelea hutoka moshi mweupe. Fundi akiuvuta huo mchana, jioni au usiku hutetemeka, kichwa humuuma, na joto la mwili hupanda. Mwenyewe husema ni malaria, akameza dawa, na baada ya siku moja au mbili homa huondoka, akaisifu dawa. Juma lijalo anarudia. Huyo hakuumwa na mbu, bali alivuta zinki. Kwa kazi ya moto nunua bomba jeusi lisilo na zinki, na karakana iwe mahali penye upepo.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipiga vita. Fundi hukata bomba kwa msumeno umbo la kabari, akalikunja mahali pale, akachomelea na kupaka rangi. Likipigwa tupa vizuri mteja haoni kitu. Kwa kiti cha sebuleni, sawa. Lakini kwa upinde unaoshikwa na abiria kumi gari likiruka mashimo, mzigo wote umekusanywa kwenye mshono mmoja, na mtikiso wa kila siku unautafuna huo mshono kimyakimya mpaka siku yake ifike.

Sasa neno kuhusu kununua. Ukienda dukani ukataja bomba la maji la inchi moja na nusu, jina hilo hufuata tundu lake, si nje yake. Ukilipima kwa nje utapata milimita 48 na ushee, wakati inchi moja na nusu kamili ni milimita 38. Bomba la fanicha, kwa upande mwingine, huitwa kwa kipimo cha nje. Watu wamegombana na wenye maduka kwa sababu ya jambo hili. Nenda na kalipa, pima nje, pima na unene wa ukuta. Halafu chungulia ndani ukatafute mshono wa kiwandani, na wakati wa kupinda uulaze ubavuni, kwa kuwa ubavuni ndiko ambako chuma hakivutwi sana wala hakisukumwi sana.

Na hesabu inalipa. Tuseme mteja anataka upinde wa umbo la mlango, upana sentimita 100 na kimo sentimita 50, vipimo vyote vikiwa vya mstari wa katikati ya bomba, na kona mbili za nusukipenyo cha sentimita 15. Asiyejua hujumlisha 50 na 100 na 50, akakata sentimita 200. Lakini kona haiendi mpaka pembeni, inakata njia. Kila kona inaokoa sentimita 6.4, hivyo bomba linalohitajika ni sentimita 187.2. Kwenye bomba la mita 6 utatoa pinde tatu, na kipande cha sentimita 38 kitabaki mkononi mwako. Kijana aliyekuwa akiuliza shuleni hesabu za duara zina faida gani, jibu ni hilo.

Je, mteja atajuaje kama kona yake ni nzima? Wenzetu wa mashindano ya magari wametufanyia kazi hiyo. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, hutumia magari yenye fremu ya mabomba ndani ili gari likipinduka watu wasipondwe. Shirikisho la magari duniani, FIA, limeweka masharti: upinde mkuu uwe wa bomba lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5, au milimita 50 kwa unene wa 2, lipindwe baridi, nusukipenyo kisipungue mara tatu ya kipenyo, na kona ikibonyea, kipenyo chake kifupi kisipungue tisa ya kumi ya kile kirefu. Sharti hilo la mwisho unaweza kulipima mwenyewe. Weka kalipa kwenye kona, pima huku na huku. Kwa bomba la milimita 48, ukiona upande mmoja uko chini ya 43 hivi, mrudishie fundi kazi yake. Ila kumbuka kwamba upinde wa bomba la maji nyuma ya pikapu ni wa kushikia na kufungia mizigo. Asikudanganye mtu kwamba utakulinda gari likipinduka.

Nimalizie kwa ngao ya mbele, maana hiyo ndiyo inayopendwa kuliko vyote. Ngao ngumu humlinda mwenye gari dhidi ya kisiki, lakini kwa mtoto anayevuka barabara ni shoka. Kwa sababu hiyo nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2005, zilitaka ngao zipimwe kwanza kama zinawaumiza watembea kwa miguu. Kama gari lako haliingii porini, ngao ya nini? Na kama linaingia, ngao isitokeze kingo wala ncha, isizibe taa, na ifungwe kwa boliti kwenye chesisi, si kuning'inizwa kwenye bampa.

Kwenu mafundi, ombi langu ni dogo. Mashine moja nzuri ya kupindia ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si ghali kwa watu kumi waliounda kikundi. SIDO ipo tangu mwaka 1973, na VETA ipo pia. Milango yao ni ya kubishwa. Na kwenu wateja, msimlazimishe fundi kuharakisha eti safari ni kesho alfajiri. Mpe siku mbili akaange mchanga wake. Atakayeshika bomba hilo ni mwanao.

Hadi juma lijalo, kwaherini.