KAMPUNI ILIYOMEZA WENZAKE

Mafuta ya taa unayajua. Huenda umesomea kwa mwanga wa kibatari au wa chemli. Huenda leo nyumbani kwako kuna taa ya jua, lakini debe la mafuta ya taa hujalisahau. Katika ukurasa huu tutasoma habari za kampuni moja kubwa ya Marekani. Kampuni hiyo ilitajirika kwa kuuza mafuta ya taa. Tutaona ilivyowatendea wafanyabiashara wenzake na wanunuzi. Tutaona pia jinsi wafanyakazi walivyotendewa katika kampuni nyingine ya matajiri hao hao. Mwisho tutaona ni nini kilichowasimamisha.

Mwanzo wa kampuni

Mwaka 1859 watu walichimba kisima cha mafuta huko Pennsylvania, Marekani. Mafuta yanayotoka ardhini ni machafu. Lazima yasafishwe kiwandani ndipo yapatikane mafuta ya taa. Basi viwanda vingi vidogo vya kusafisha mafuta vilijengwa. Vingi vilikuwa katika mji wa Cleveland.

Mwaka 1870 bwana mmoja, John D. Rockefeller, alianzisha kampuni pamoja na wenzake. Kampuni hiyo iliitwa Standard Oil. Rockefeller alikuwa mtu wa hesabu. Hakupenda kitu kipotee bure. Mafuta yake yalikuwa safi. Siku hizo wauzaji wengine waliuza mafuta mabaya yaliyolipua taa na kuunguza nyumba. Kwa hiyo watu wengi walipenda mafuta yake. Hadi hapo hakuna ubaya. Mtu akifanya kazi vizuri, anastahili kupata faida.

Alivyowatendea wenzake

Mafuta yalisafirishwa kwa gari la moshi. Kila mwenye kiwanda alilipa nauli kwa kampuni za reli. Rockefeller alikuwa na mzigo mkubwa kuliko wote. Akaenda kwa wenye reli, wakapatana kwa siri.

Tuchukue mfano ili tuelewe. Tuseme nauli ya pipa moja ni shilingi 10. Mwenye kiwanda kidogo analipa shilingi 10. Standard Oil nayo inalipa shilingi 10 mbele ya watu. Lakini usiku inarudishiwa shilingi 4. Je, mwenye kiwanda kidogo atawezaje kushindana? Hata akifanya kazi kwa bidii mchana na usiku, atashindwa. Tena hatajua ameshindwa na nini.

Mwaka 1872 ulitengenezwa mpango mbaya zaidi. Ilikubaliwa kwamba mpinzani akisafirisha mafuta yake, sehemu ya nauli yake wapewe Standard Oil na wenzake wachache. Yaani mtu alipe ili adui yake apate nguvu! Wachimbaji wa mafuta walipopata habari walikasirika. Walikataa kuuza mafuta kwa waliohusika, na mpango huo ukavunjika. Lakini hofu ilikwisha ingia Cleveland. Kwa muda wa miezi michache tu, Standard Oil ilinunua viwanda 22 kati ya 26 vya wapinzani wake katika mji huo. Na mapatano mengine ya siri na wenye reli yaliendelea.

Ilipofika mwaka 1880, kampuni hiyo ilikuwa ikisafisha karibu sehemu 9 katika kila sehemu 10 za mafuta yote ya Marekani.

Ilivyowatendea wanunuzi

Hapa lazima tuseme haki. Bei ya mafuta ya taa ilishuka sana katika miaka hiyo. Watu wengi maskini walipata mwanga ambao baba zao hawakuwa nao.

Lakini kampuni ilitumia bei kama silaha. Mahali penye mpinzani, ilishusha bei mpaka mpinzani akafunga biashara. Mpinzani akiisha ondoka, bei ilipanda tena. Mwenye duka aliyenunua mafuta kwa mtu mwingine alitishwa. Mnunuzi alifurahia bei ndogo leo, lakini kesho hakuwa na pa kwenda. Muuzaji akiwa mmoja tu, mnunuzi hana la kusema.

Wafanyakazi wa migodini

Fedha za mafuta ziliingia pia katika kazi nyingine. Familia ya Rockefeller ilikuwa na hisa nyingi katika kampuni ya makaa ya mawe na chuma huko Colorado. Wachimbaji wa makaa waliishi katika nyumba za kampuni. Walinunua chakula katika duka la kampuni. Walitibiwa na daktari wa kampuni. Mtu akifukuzwa kazi, alifukuzwa na nyumbani siku hizo hizo.

Mchimbaji alilipwa kwa uzito wa makaa aliyochimba. Lakini aliyesimama penye mizani alikuwa mtu wa kampuni. Mkulima wa pamba anaelewa jambo hili. Ukipimiwa na mtu usiyemwamini, jasho lako linaweza kupotea.

Septemba 1913 wachimbaji waligoma. Walitaka chama chao cha wafanyakazi kitambuliwe. Walitaka wachague wenyewe mtu wa kuangalia mizani. Walitaka wawe huru kununua katika duka lolote. Kampuni ilikataa, ikawatoa katika nyumba zake. Wakaishi kwenye mahema na wake zao na watoto wao wakati wa baridi kali.

Tarehe 20 Aprili 1914, askari na walinzi wa kampuni waliwapiga risasi watu wa mahema ya Ludlow. Kisha mahema yakachomwa moto. Wanawake 2 na watoto 11 walikufa ndani ya shimo walimojificha chini ya hema. Wote waliokufa siku hiyo walikuwa kama 20. Mgomo ulikwisha Desemba 1914 bila chama kutambuliwa. Lakini wananchi wa Marekani walisikia habari hizo, wakaona uchungu. Mwaka 1935 ilipitishwa sheria iliyowapa wafanyakazi wengi wa nchi hiyo haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri wao.

Karatasi zilizosema kweli

Je, siri za Standard Oil zilijulikanaje? Zilijulikana kwa sababu watu walisoma.

Mwandishi mmoja mwanamke, Ida Tarbell, alikuwa binti wa mfanyabiashara mdogo wa mafuta huko Pennsylvania. Hakubishana na kampuni kwa matusi. Alisoma kumbukumbu za mahakama, barua na hesabu, moja baada ya nyingine. Kisha akaandika habari zake katika gazeti tangu mwaka 1902 hadi 1904.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya kampuni. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuchoma karatasi zisizotakiwa. Siku moja aliona jina la mwalimu wake wa dini katika karatasi hizo. Mwalimu huyo alikuwa pia mfanyabiashara wa mafuta. Kijana akasoma. Akaona kwamba watu wa reli walikuwa wakiiambia kampuni mizigo ya mwalimu wake inakwenda wapi. Hakuzichoma karatasi hizo. Alimpelekea mwalimu wake, na mwishowe zilimfikia Ida Tarbell. Kama kijana yule asingejua kusoma, ushahidi ungekuwa majivu.

Serikali ya Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1890 ya kuzuia mtu mmoja kushika biashara yote. Ikaipeleka kampuni mahakamani. Mwaka 1911 Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua Standard Oil ivunjwe. Ikagawanywa kuwa kampuni 34.

Lakini vipande huweza kuungana tena. Kampuni mbili kubwa zilizotokana na zile 34, Exxon na Mobil, ziliungana mwaka 1999. Kwa hiyo kazi ya kuangalia haiishi.

Sisi tufanye nini?

Kampuni kubwa si mbaya kwa sababu ni kubwa. Inaweza kutoa kazi, na bidhaa nzuri kwa bei nafuu. Ubaya huingia pale inapokuwa haina wa kuiuliza. Wa kuiuliza ni sheria, chama cha wafanyakazi, na mwananchi anayejua kusoma.

Hapa Tanzania ipo Tume ya Ushindani. Kazi yake ni kuzuia hila za kuua ushindani katika biashara. Wakala wa Vipimo hukagua mizani. EWURA hutangaza kila mwezi bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Nawe una sehemu yako:

1. Soma bei iliyotangazwa kabla ya kununua.
2. Dai stakabadhi, uiweke.
3. Tazama mizani ikiwa imerudi kwenye sifuri kabla mzigo wako haujapimwa.
4. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini nauli ya siri iliwaumiza wenye viwanda vidogo?
2. Bei ikishuka ghafla, je, ni faida siku zote? Elezeni.
3. Katika kijiji chenu, nani husimama penye mizani kwa niaba ya mkulima?